Mimea ya dawa au bakteria wa udongoni: kwa utafiti wa dawa mpya ungechagua kipi?

Kijana_wa_Famasia
Wakuu, habari za jioni. Nimepata nafasi ya uzamili na msimamizi ameniachia nichague kati ya njia mbili. Ya kwanza, kuchukua miti mitatu minne ambayo waganga wa kwetu wanatibia vidonda, kutoa viini vyake na kuvipima dhidi ya bakteria sugu. Ya pili, kukusanya udongo, kuotesha bakteria waliomo na kutafuta wale wanaotoa kitu cha kuua wenzao. Pesa ni ya kuungaunga. Moyo wangu uko kwenye miti, lakini sitaki kazi ya kwenda kulala kabatini maktaba. Mliopita huko nisaidieni.

Mwarobaini40
Miti, mdogo wangu, wala usihangaike. Tazama malaria peke yake. Kwinini ilitolewa kwenye ganda la msinkona mwaka 1820, na dawa mseto tunayomeza leo asili yake ni majani ya artemisia. Tu Youyou wa Uchina hakubahatisha. Alipekua vitabu vya tiba vya kale, akakuta maandishi ya Ge Hong wa karne ya 4 yakielekeza konzi ya mmea ilowekwe majini, ikamuliwe, mgonjwa anywe. Kuchemsha hakukutajwa. Akahisi kumbe moto ndio unaoharibu dawa, akahamia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 kiini kikaponya panya na nyani. Nobel akaipata 2015. Mganga amekwisha kukufanyia nusu ya kazi: anajua mti upi, sehemu ipi, unaandaliwaje. Udongo utamuuliza nani?

SahaniYaAgari
Kaka, hiyo Nobel ya 2015 isimulie yote. Nusu yake walipewa Satoshi Ōmura na William Campbell kwa dawa iliyotoka kwa bakteria. Ōmura alichota udongo karibu na uwanja wa gofu huko Kawana, Japani, Campbell na wenzake wa Merck wakaona kinachotolewa na bakteria yule kinamaliza minyoo. Ndiyo hii ivamektini inayogawiwa vijijini kwa usubi na matende. Kwa usubi, Merck walianza kuitoa bure mwaka 1987.

Halafu kijana kasema anataka ya kuua bakteria. Hapo mizani inalala upande mmoja. Penisilini ni ukungu. Streptomaisini ya 1943 ni udongo. Rifampisini, ile inayofanya mkojo wa mgonjwa wa TB uwe wa rangi ya chungwa, ukoo wake unaanzia kwa bakteria wa udongo uliochotwa kusini mwa Ufaransa mwaka 1957. Nitajie antibayotiki moja ya wodini iliyotoka kwenye mti. Bakteria wa udongoni wamebanana, wanagombea chakula kile kile, silaha wanazo tangu zamani.

Mwarobaini40
Ya wodini sina, hapo umenishika. Ila kwenye saratani hunipati: vinkristini ya watoto wenye leukemia inatoka kwenye ua la Madagaska, hili hili tunalolipanda uani kama pambo.

Mja_wa_Kwale
Nyote mmeliruka swali moja. Mkishaipata dawa, ya kutosha mtaitoa wapi? Huku kwetu tuna kisa chake.

Mwaka 1972 Morris Kupchan na wenzake Marekani walitangaza maitansini, kiini kikali sana kwa seli za saratani, kutoka kwenye mmea wa jamii ya Maytenus uliochukuliwa Ethiopia. Shida ikawa kwamba kilo nzima ya mmea haitoi hata miligramu moja. Wakatafuta ndugu yake mwenye kiasi kikubwa zaidi, wakampata Maytenus buchananii, naye anaota Shimba Hills, huku Kwale, Kenya. Mwaka 1976 zikavunwa tani zipatazo 27 kwa majaribio ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Miti yote iliyokomaa hapo ikaenda. Sasa pigeni hesabu: hata tukisema miligramu mbili kila kilo, tani 27 hazizidi gramu 54. Na baada ya yote hayo dawa ikaonekana ina sumu kali mno kwa wagonjwa, wakaiweka kando.

Kumbe mwaka 1977 Wajapani wa kampuni ya Takeda walikuwa wamepata ansamitosini, pacha wa maitansini, na anayeitoa ni bakteria. Huyo unamlea kwenye tangi. Mwaka 2013 Marekani ikaidhinisha trastuzumabu emtansini kwa saratani ya matiti: sumu ya ukoo ule ule imefungwa kwenye kingamwili inayoipeleka hadi kwenye seli yenye ugonjwa. Sumu hiyo inaanzia kwenye tangi la bakteria, hakuna panga lililoingia msituni. Tena uchunguzi wa mimea ya jamii ile umeonyesha kwamba hata humo vijidudu vya mizizini vinahusika kuitengeneza. Tulikata miti, fundi alikuwa mpangaji wake.

Mama_Kivu
Mja, kisa chako ni kizuri, lakini tangi halishindi kila siku. Mimi niko Bukavu. Hapa kuna kiwanda cha Pharmakina kinachotoa kwinini kwenye ganda la sinkona, na hadi leo kwinini ya duniani inatoka kwenye ganda, kwa sababu kuiunda yote maabara ni ghali. Atemisinini nayo ina kisa. Timu ya Jay Keasling ilibadili hamira ili itengeneze asidi inayogeuzwa kuwa atemisinini, Sanofi wakaanza kuizalisha kiwandani 2013. Bei ya ile ya mashambani ikashuka, ya hamira ikashindwa sokoni. Mkulima wa artemisia wa Kenya, Uganda au Tanzania hakulala njaa kwa sababu ya hamira. Kilichomtesa zaidi ni bei kupanda na kuporomoka.

Mchokozi_Mkuu
Na kikombe cha Babu wa Loliondo tukiweke upande gani?

SahaniYaAgari
Upande wa mia tano yako iliyobaki Samunge 2011. Mugariga, mti aliouchemsha Babu, hauna kosa, ila hakukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo kikombe hakikuthibitisha kitu. Turudi kwenye mada.

BintiMaabara
Nimefanya zote mbili, miti kwanza. Kijana, nikuambie zinavyokuwa mezani.

Magome mengi yana tanini. Tanini inashika protini ovyo, kwa hiyo kipimo chako kitakuonyesha "dawa" ambayo si dawa. Ukimimina miligramu kadhaa kwa mililita, karibu kila jani litaua kitu, na makala za namna hiyo zimejaa tele. Chini ya mikrogramu 100 kwa mililita ndipo watu wanaanza kukusikiliza. Pia jani la masika na la kiangazi si sawa, usishangae matokeo yakikataa kurudi.

Udongo una kero yake. Streptomyces, jamii ya bakteria waliotupa streptomaisini, utawajua haraka: koloni kavu, zenye unga juu, zimeng'ang'ania agari (jeli ya kuoteshea) hadi kitanzi cha kuchotea kinateleza, na ukifunua sahani inanukia ardhi iliyopata mvua ya kwanza. Utafurahi. Kisha unapima kinachotolewa na kukuta ni streptomaisini au kingine cha zamani. Kugundua upya kilichokwisha gunduliwa ndicho kilichowakimbiza makampuni makubwa. Na bakteria wengi wa udongoni hawakubali kuota kwenye sahani kabisa. Teiksobaktini, antibayotiki iliyotangazwa 2015, ilipatikana kwa sababu waliwaotesha wakiwa bado ndani ya udongo, kwenye kifaa chenye vishimo vidogo.

Kwa shabaha yako na bajeti yako, ningechukua udongo. Lakini ningeuchota chini ya miti ya waganga, nikaongeza na mizizi yenyewe. Usiandike tu kwamba umepata kijidudu kinachotengeneza dawa ya mti. Wengi walitangaza hivyo kuhusu taksoli, dawa ya saratani itokayo kwenye mti, na baada ya kuotesha mara kadhaa uzalishaji ukapotea.

Mja_wa_Kwale
Na vibali. Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa ya kugawana faida ya viumbe wa nchi, imeanza kazi 2014 na haibagui jani na bakteria. Watu wanalinda miti halafu udongo unaondoka kwenye begi. Ziwa Bogoria la Kenya vijidudu vyake viliishia kuwa vimeng'enya vya kiwandani nje, na malalamiko ya mgao yakafuata baadaye sana. Andika makubaliano na mganga na kijiji kabla hujachota kijiko.

Kijana_wa_Famasia
Asanteni sana, dada BintiMaabara hasa. Basi nitachota chini ya miti. Swali la mwisho: ukungu na bakteria wa kawaida hawatafunika sahani zangu?

BintiMaabara
Watafunika usipowadhibiti. Anika udongo kivulini hadi ukauke, kisha upashe joto la nyuzi 55 kwa muda mfupi. Spora za Streptomyces zinavumilia, bakteria wengi wa kawaida hawavumilii. Tumia agari ya wanga na kaseini, weka nistatini ya kuzuia ukungu, halafu uwe na subira. Zinazotokea siku ya pili achana nazo, unazozitaka zitakuja baada ya wiki au zaidi.