Bunduki ya gundi kwa kazi za mikono na matengenezo ya nyumbani: ninunue ipi?

Mama Shanga, Arua

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi na akina mama wenzangu hapa Arua tunatengeneza mikufu ya shanga za karatasi, vikapu vya nyuzi za migomba, na madaftari ambayo jalada lake tunalivalisha lubugo, yaani kitambaa cha gome la mti. Hadi sasa tumekuwa tukitumia gundi nyeupe ya mbao, ambayo hushika vizuri lakini hutulazimu kuibana kazi kwa vibanio na kusubiri hadi kesho yake, na wakati wa mvua tunasubiri zaidi. Nimewaona wapambaji wa harusi wakitumia bunduki ya gundi, ile ya umeme inayoyeyusha vijiti, na kazi yao inashika papo hapo.

Madukani nimekuta ndogo na kubwa. Muuzaji mmoja alinieleza kwamba kubwa ina joto zaidi, na mwingine akasema kwamba tofauti ni unene wa kijiti tu. Naomba mnisaidie kujua ninunue ipi, na kama ninaweza kuitumia pia kwa vitu vya nyumbani, kwa mfano ndala zilizobanduka soli, beseni lililopasuka, na waya wa chaja ya simu uliochunika.

Fundi wa Katwe

Dada, wauzaji wote wawili wamekueleza nusu ya jambo. Bunduki ndogo hutumia vijiti vya milimita 7 na kwa kawaida huwa na wati 20 hivi, ilhali kubwa hutumia vijiti vya milimita 11 na huanzia wati 40 hadi kufikia 100. Wati nyingi hazimaanishi lazima kwamba gundi itatoka ikiwa ya moto zaidi. Maana yake ni kwamba bunduki hupata moto mapema, huyeyusha gundi nyingi zaidi kwa dakika, na hairudi kuwa vuguvugu unapofyatua mfululizo. Joto lenyewe ni suala jingine. Ziko bunduki za joto la chini, zinazofanya kazi kwenye nyuzijoto 120 hivi za Selsiasi, na ziko za joto la juu, zinazokaribia 190, na chache zina swichi ya kuchagua kati ya hizo mbili. Kwa kazi ulizozitaja, ningekushauri utafute yenye swichi hiyo, na usipoipata, uchukue ya milimita 11 yenye wati 40 au 60, kwa sababu kikundi cha akina mama wanaofanya kazi kwa zamu kitaichosha ile ndogo.

Usikubali kuuziwa vijiti vyembamba kwa bunduki pana kwa maneno kwamba "vitaingia tu". Kuingia vitaingia, lakini gundi iliyoyeyuka itarudi nyuma kupitia nafasi iliyobaki pembeni, itaganda ndani, na bunduki itaziba. Vijiti vingi vinavyouzwa madukani ni vya aina ya plastiki laini iitwayo EVA, navyo vinatosha kwa ufundi wa mikono. Soma maandishi ya pakiti uone kama vimekusudiwa joto la chini au la juu, kwa maana kijiti cha joto la juu ndani ya bunduki ya joto la chini hutoka kizito na hakishiki.

Kabla ya kulipa, angalia kibandiko cha umeme. Umeme wetu hapa Uganda ni volti 240, na baadhi ya bunduki ambazo jamaa hutuletea kutoka Marekani zimetengenezwa kwa volti 120, kwa hiyo ukiichomeka ya namna hiyo moja kwa moja itaungua. Iliyoandikwa 100 hadi 240 haina shida. Vilevile nyingi huja na plagi ya pini mbili za duara, ambayo haikai sawasawa katika soketi zetu za pini tatu za mraba. Nunua adapta nzuri. Ile desturi ya kuchokonoa tundu la juu kwa kalamu ili pini mbili zipite inaumiza watu, na kifaa cha kupasha moto kinachochezacheza kwenye soketi huyeyusha soketi yenyewe.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko ununuzi. Gundi hii haikaushwi na hewa wala haichanganyiki na kitu kingine. Inashika kwa kuingia katika vinyweleo vya kitu ikiwa majimaji na kuganda humo. Ndiyo maana inapenda karatasi, mbao, nyuzi za migomba, kitambaa na kibuyu, na haipendi kitu laini kinachong'aa. Beseni lako karibu hakika limetengenezwa kwa polithini au polipropilini, sawa na jerikeni, na hizo ni plastiki zinazokataa takriban kila gundi. Utapaka, itaonekana imeshika, na siku ya kwanza utakapotia maji itabanduka nzima kama ganda la yai. Beseni la namna hiyo huzibwa kwa kuyeyusha plastiki ya aina ileile juu ya ufa, kazi ambayo mafundi wanaotengeneza jerikeni wanaijua.

Ndala usizipeleke huko pia. Soli hujikunja kila hatua, na gundi iliyoganda haiwezi kujikunja kiasi hicho kwa muda mrefu, na zaidi ya hayo hulegea inapokanyaga lami iliyochomwa na jua. Tumia gundi ya mafundi viatu: sugua pande zote mbili kwa msasa, paka pande zote mbili, ziache hadi zisinate kidoleni, kisha ubane kwa nguvu.

Kuhusu waya wa chaja, inategemea. Ikiwa ni ganda la nje tu lililochunika karibu na kichwa kinachoingia kwenye simu, tone la gundi litausaidia usizidi kukunjika. Ikiwa nyaya za ndani zimeonekana, haifai, na kwa waya wowote unaobeba umeme wa ukutani, kama wa pasi au wa birika, usiijaribu kabisa. Waya huo hupata moto, gundi italegea, na utakuwa umeficha hatari badala ya kuiondoa.

Mwalimu wa Sanaa, Mbale

Fundi ameeleza vizuri habari ya vifaa, nami nitaongeza kuhusu matumizi, hasa ya lubugo, kwa kuwa ninaifundisha. Mama Shanga, naomba msiitupe gundi yenu nyeupe. Kitambaa cha lubugo kinapotandazwa juu ya jalada zima kinahitaji gundi iliyopakwa nyembamba na sawasawa kila mahali, na gundi ya moto haiwezi kufanya hivyo, kwani huanza kuganda ndani ya nusu dakika au chini ya hapo, kabla hujamaliza kuisambaza, na matokeo yake ni matuta yanayoonekana na kuhisiwa kwa kiganja. Pakeni gundi nyeupe kwenye uso wa jalada, kisha mtumie bunduki kwenye kingo zinazokunjwa kuingia ndani, ambako ndiko mlikuwa mnahitaji vibanio. Kwa njia hiyo daftari halisubiri vibanio, na uso wake unabaki laini.

Kwa kingo hizo tumieni joto la chini. Lubugo hupatikana kwa kuligonga gome la ndani la mti wa mutuba hadi likawa pana na jembamba, na sehemu nyingine huwa nyembamba sana, kiasi kwamba gundi ya moto mkali hupenya na kutokeza upande wa juu kama doa linalong'aa. Doa hilo halitoki. Utengenezaji wa lubugo umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika tangu mwaka 2008, na wageni wengi wanaonunua kazi zenu wanalijua jambo hilo, kwa hiyo wanaichunguza nguo yenyewe kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Kwenye shanga, gundi nyeupe ndiyo ya kubandikia karatasi inayokunjwa, na uzi ufungwe kwa fundo. Bunduki isihusike na kufuli la chuma la mkufu. Chuma hunyonya joto la gundi mara inapogusa, hivyo gundi huganda juu juu bila kushika, na mkufu hufunguka shingoni mwa mteja. Kama ni lazima kubandika chuma, kioo au kigae, kipasheni moto kwanza, hata kwa kukianika juani, na kisuguliwe kwa msasa na kufutwa mafuta.

Kwa vikapu, kwa upande mwingine, hamtapata kifaa kizuri zaidi: maua ya nyuzi za migomba, ncha za nyuzi zinazochomoza, bitana la ndani, vyote hushika kwa tone dogo. Bandikeni mara moja, bonyezeni kwa sekunde chache bila kusogeza. Ukisogeza wakati inaganda, umeivunja, na itabidi uanze upya.

Na kuhusu kuungua, ninasema kwa uzito kwa sababu darasani kwangu ni watoto. Hata nyuzijoto 120 zinaunguza, na gundi hii, tofauti na maji ya moto, hubaki imeng'ang'ania ngozi na kuendelea kuichoma. Mtu akiungua, msiibandue gundi, kwani itaondoka na ngozi. Wekeni mahali hapo chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, mvueni pete au bangili kabla hajavimba, na msipake dawa ya meno, samli wala mafuta. Akiwa ameungua usoni, au malengelenge ni makubwa, apelekwe kituo cha afya.

Mama Shanga, Arua

Mwalimu, Fundi, nawashukuru sana. Hilo la kingo za lubugo limenifumbua, kwa sababu nilikuwa nimekusudia kuacha kabisa gundi nyeupe. Nina swali dogo lililobaki. Huku kwetu umeme hukatika mara kwa mara, nasi tuna paneli ya sola yenye inveta ndogo. Je, itaibeba? Na tunapopumzika, tuizime au tuiache?

Msomaji wa Gulu

Mama, inveta itaibeba bunduki ya wati 20 au 40 bila taabu ikiwa betri iko sawa. Zingatia tu kwamba bunduki nyingi zina kipashamoto cha seramiki kinachojidhibiti chenyewe, ambacho huvuta umeme mwingi zaidi dakika za mwanzo kinapokuwa baridi, kisha hupungua. Kwa hiyo inveta iwe na uwezo unaozidi wati zilizoandikwa. Ziko pia za kuchaji na za gesi, lakini vya kuzingatia kwake ni vingi na kwa kikundi sioni faida.

Mkipumzika zaidi ya nusu saa, ichomoeni. Gundi inayopikwa muda mrefu hubadilika rangi kuwa ya manjano na hupoteza nguvu. Isimamisheni kwenye miguu yake juu ya kigae au kipande cha bati, maana hudondosha gundi hata bila kufyatuliwa, na msiilaze ubavu. Kijiti kilichobaki ndani kiacheni humohumo. Ukikivuta kurudi nyuma utavuta na gundi iliyoyeyuka hadi mahali isipotakiwa kufika.

Fundi wa Katwe

Nimeongezea mambo mawili tu. Msitumie gundi hii kwa kitu chochote kitakachokaa karibu na sigiri, juu ya taa, au ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa sababu EVA huanza kulegea kabla ya kufikia joto la maji yanayochemka.

La pili ni usafi. Zile nyuzi nyembamba kama za buibui zinazobaki mnapoinua mdomo wa bunduki hupungua mkizungusha ncha kidogo kabla ya kuiondoa, na zilizobaki huokotwa kwa kidole zikishapoa. Kama tone limeanguka juu ya meza, kioo au plastiki, dondosheni spiriti ya kusafishia vidonda kwenye ukingo wake, subirini kidogo, nalo litajiachia lote. Kwenye lubugo jaribuni kwanza juu ya kipande cha taka, kwa kuwa spiriti inaweza kuacha alama kwenye kitambaa kilichotiwa rangi. Na kabla ya kuifungua chupa hiyo, bunduki iwe imechomolewa na kupoa, kwa maana mvuke wa spiriti hushika moto upesi.