Mrejesho: Kutembea Appalachian Trail ndani ya Smoky Mountains, Oktoba

Wakuu, nimerudi salama. Niliuliza hapa kama mtu aliyezoea ngazi za ghorofani tu anaweza kumaliza kipande cha Appalachian Trail, ile njia ndefu ya miguu ya mashariki mwa Marekani, kinachokatiza hifadhi ya Great Smoky Mountains, Fontana Dam hadi Davenport Gap, kama kilomita 115, majani yakiwa yanapukutika. Jibu: nusu na ushee.

Aliyesema nilale na chujio la maji ndani ya begi la kulalia, Mungu akubariki. Usiku wa pili maji ya chupa yaliganda kabisa, na chujio likishaganda linapasuka ndani kwa ndani wala hulioni kwa macho. Ushauri wa kuulizia chemchemi kwa wanaotoka mbele nao ulilipa. Moja tuliikuta tope na majani matupu. Chakula tulikining'iniza kwenye nyaya za kuzuia dubu pale kwenye vibanda vya kulala vya njiani. Dubu sikumwona. Panya, usiseme.

Nilipokosea ni fimbo za kutembelea. Mliniambia nibebe mbili, nikaona za wazee. Kumbe majani makavu yanaficha mizizi na mawe! Nikiteremka kutoka Kuwohi, kile kilele cha mita 2,025 kilichokuwa kikiitwa Clingmans Dome, goti la kushoto likagoma. Nikajikongoja hadi Newfound Gap penye barabara, nikaomba lifti.

Kilichobaki nakimalizia mwakani, fimbo nimeshanunua. Asanteni sana, hasa yule wa soksi za sufu: sikutoka hata lengelenge moja.