Mjadala: Karama amesimama daraja la ngapi la Maslow?

Mwalimu wa Uyole: Wadau wa Nyanda za Juu, nina rundo la insha za kidato cha sita. Karibu wote wamempandisha Karama, mhusika mkuu wa riwaya ya Kusadikika, kwenye ngazi ya mahitaji ya mwanasaikolojia Maslow: mahitaji ya mwili, usalama, upendo, heshima, kisha kujitimiza, yaani mtu kuwa kile hasa anachoweza kuwa. Mmoja kahitimisha kwamba Karama "hajafika" kwa sababu yuko kizimbani na usalama hana. Jamani! Shaaban Robert alimwandika mtetezi wa sheria, hakujaza fomu ya zahanati. Naona ngazi hii tuitoe kwenye uhakiki. Mnasemaje?

Dada wa Mafinga: Shikamoo mwalimu. Maslow unamwonea. Ile piramidi wanayoichora kuonyesha ngazi hiyo hakuichora yeye. Katika makala yake ya 1943 alisema wazi mpangilio unaweza kupinduka, akataja wanaotoa kila kitu kwa ajili ya wanachokiamini. Hata akakisia, kwa mfano tu, kwamba mtu wa kawaida ameridhika asilimia 85 kimwili, 70 kiusalama, 50 kwa upendo, 40 kwa heshima na 10 kwa kujitimiza. Yote kwa pamoja! Mwanafunzi wako kasoma mchoro, nadharia hajaigusa.

Kijana wa Mwanjelwa: Sasa dada, kama madaraja yanarukwa, ngazi inapima nini? Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya ya Kezilahabi, kafika chuo kikuu, kaoa, na bado anajiua.

Dada wa Mafinga: Ndiyo maana inafaa, mdogo wangu. Inakulazimisha uulize anakosa nini ambacho elimu na ndoa havikumpa. Bila hivyo mnaandika "mhusika amekata tamaa", mnafunga daftari.

Mzee wa Kalenga: Kamwene wanangu. Mbona wote mnaitafuta nafsi ya Karama? Mle mahakamani muda mwingi anawasemea wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali, wakafungwa waliporudi. Anajitimiza kwa habari za wenzake. Ngazi ya mtu mmoja mmoja mtamwekea wapi huyo?

Dada wa Mafinga: Hapo umenibana, mzee. Ila Maslow mwenyewe miaka yake ya mwisho alianza kuandika juu ya kuivuka nafsi. Shule hawaifundishi hiyo.

Mwalimu wa Uyole: Marahaba, dada. La wajumbe nalipeleka darasani Jumatatu. La ngazi bado nabisha: atakayeipanda mpaka juu bila kunukuu hata sentensi moja ya kitabu, alama zangu hapati.