Kinda wa tai amepotea kiotani, ni kamera yangu?

Mpigapicha_Dom: Wakuu, heshima kwenu. Kuna mlima wa mawe njia ya Kondoa (jina la kijiji nimelifuta, nimekaripiwa inboksi) una kiota cha wale tai weusi wenye alama nyeupe mgongoni, wala pimbi. Kiota chenyewe kama mzigo wa kuni uliosahauliwa jabalini. Jumamosi iliyopita nilipiga picha makinda wawili, weupe kama pamba. Jana nimemkuta mmoja. Lenzi yangu inaishia milimita 300, hivyo nilisogea mpaka kama mita 60. Mama akaruka, nikamsubiri saa nzima. Usiku sikulala. Nimeua?

Kibuyu88: Rusha droni mkuu, dakika tano umemaliza.

Shangazi Darubini: Droni tena? Tai ataiona adui aivamie, na bila kibali, hapa Dodoma makao makuu ya nchi, utajieleza mpaka jioni.

Mwanangu, huyo wa pili inaelekea hukumuua wewe. Tai hawa hutaga mayai mawili, makinda huanguliwa wakipishana siku kama tatu, na mkubwa humdonoa mdogo mpaka afe, hata kiota kikiwa kimejaa nyama. Nimewahi kulitazama kwa darubini: mama kasimama palepale anachana pimbi, hana habari. Kaini na Abeli. Nilishuka mlima chai yangu sijaimaliza.

Ila hiyo saa nzima sikusamehe. Ilikuwa saa ngapi? Mchana jiwe la huku ukilikalia unanyanyuka mwenyewe. Kinda wa manyoya ya pamba kivuli chake ni mbawa za mama tu, na kunguru wa shingo nyeupe yuko jirani anapiga hesabu. Tai akisimama kiotani na kukunyooshea shingo, umeshapitiliza. Rudi nyuma kabla hajaruka. Panda kilima cha ng'ambo, kaa chini ya mgunga. Picha itakuwa ndogo, utaikata nyumbani.

Mpigapicha_Dom: Ilikuwa saa saba, shangazi.

Shangazi Darubini: Haya.

Kinda hukaa kiotani miezi mitatu hivi. Usiende sasa, ngoja wiki tano, utakuta manyoya meusi yanachomoza. Nenda alfajiri. Pimbi wakianza kupiga kelele, tulia na kamera yako: baba anakuja.

Kibuyu88: Droni nimeifuta, shangazi. Hiyo darubini ni ya ngapi?