Waifai ya nyumbani inakata kata hapa Dodoma: tupeane uzoefu, wewe ulifanyaje?

Wakuu, habari za jioni.

Naishi Ilazo, nyumba za kupanga, wapangaji sita ndani ya geti moja. Mke wangu anasoma jioni kwa mtandao, na kuanzia saa mbili usiku mpaka saa nne kipindi kilikuwa kinamkatikia mara tano, mara sita. Simu inaonyesha waifai imejaa, lakini ukurasa haufunguki. Nilipiga huduma kwa wateja mara tatu, kila mara naambiwa nizime ruta, nihesabu dakika moja, niwashe. Inatulia kidogo, kisha yale yale. Iliniuma sana kumwona anakosa somo alilolilipia.

Aliyenisaidia ni fundi kompyuta wa mtaani kwetu. Alikuja na waya wa mtandao, akaunganisha laptopu moja kwa moja kwenye ruta, akafungua lile dirisha jeusi la amri na kuandika ping 192.168.1.1 -t, yaani amri ya kuuliza anwani hiyo "upo?" tena na tena na kupima inachukua muda gani kujibu. Hiyo ndiyo anwani ya ruta yangu. Ya kwako iangalie kwenye kibandiko chini ya ruta. Dirisha la pili akaandika ping 8.8.8.8 -t, ambayo iko nje kabisa kwenye intaneti. Kwa waya, zote mbili zilijibu nusu saa nzima bila kuruka. Akachomoa waya, akarudi kwenye waifai. Ruta ile ile, iko mita tano tu, ikaanza kusuasua: mara milisekunde 3, mara 900, mara kimya. Akaniambia, "Kaka, laini inayoingia ni nzima. Tatizo liko hewani, humu humu ndani."

Waifai hupita kwenye masafa ya gigahezi 2.4 au 5, na kila masafa yamegawanywa kwenye njia ziitwazo chaneli. Kwenye gigahezi 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Tulipopima kwa programu ya simu tukakuta waifai kumi na moja zinafika sebuleni kwangu, nane zimerundikana chaneli 6, na yangu imo. Saa mbili usiku kila mtu karudi nyumbani, ndiyo maana ilikuwa inakufa muda ule. Tukahamia chaneli 1, tukapunguza upana wa chaneli uwe megahezi 20, kisha gigahezi 5 tukaipa jina lake peke yake ili laptopu ya mke wangu ikae huko. Ruta nayo tukaitoa nyuma ya televisheni, ndani ya kabati, tukaiweka juu ya kabati. Tangu siku hiyo hajakosa kipindi.

Karibuni na ya kwenu. Najua wengi tunanung'unika kimya kimya.

Wa Nzuguni: Asante kaka. Mimi sina faiba (intaneti ya waya unaopitisha mwanga), natumia ruta ya laini ya 4G, na nadhani wengi wa huku pembeni ndiyo tunayotumia. Ruta ya laini ina safari mbili: kutoka mnarani hadi kwenye ruta, na kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu. Mimi nilihangaika na ya pili miezi minne kumbe ugonjwa uko ya kwanza. Ndani ya ukurasa wa ruta kuna namba inaitwa RSRP, inayoonyesha nguvu ya mawimbi ya mnara, inaandikwa kwa hasi. Ikikaribia sifuri ndiyo nzuri. Sebuleni nilikuwa na -113. Nikachukua ekstensheni ndefu, nikazunguka nyumba nzima na ruta ikiwa imewaka, naandika kila chumba kwenye daftari. Dirisha la jikoni linalotazama mjini: -97. Mume wangu alikataa ruta kukaa jikoni kwa sababu ya mvuke na mafuta, na alikuwa na haki. Tukagongelea kashelfu juu kabisa ya dirisha, mbali na jiko. Kuta za tofali na bati juu zinakula mawimbi sana, jamani. Pimeni kabla ya kununua antena.

Wa Miyuji: Nyongeza ya haraka. Nilinunua ripita nikaichomeka chumba cha uani ambako waifai haifiki. Haikusaidia kitu, kwa sababu ripita inarudia inachokisikia, na pale haisikii chochote. Nilipoiweka katikati, koridoni, chumba cha uani kikapata. Kasi inapungua karibu nusu, lakini haikati.

Wa Kisasa: Angalieni umeme. Adapta ya ruta yangu iliungua, nikanunua nyingine dukani kwa kuangalia tundu likiingia tu. Ruta ikawa inajizima na kujiwasha, hasa watoto wakirudi shule na vifaa vikiwa vingi. Nilikaa wiki tatu naamini ruta imekufa. Siku moja nikasoma maandishi: ruta inataka volti 12 na ampea 1.5, adapta niliyonunua inatoa volti 12 lakini ampea 0.5. Nilipopata inayolingana, yakaisha. Na hii miezi ya upepo, futeni vumbi kwenye matundu yake. Ruta ikishika moto inasumbua vile vile.

Wa Mkonze: Naomba nipishane kidogo na mleta mada, maana mtu anaweza kusoma hapa akadhani kosa ni lake kila siku. Mimi nina faiba. Nilifanya kipimo hicho hicho kwa waya: ruta ilijibu bila kuruka hata mara moja, lakini 8.8.8.8 ilikuwa inapotea, hasa baada ya mvua. Nikaandika wiki mbili, tarehe, saa na dakika, nikapiga picha kila taa nyekundu ya LOS (inayowaka mwanga wa faiba ukipotea) ilipowaka. Kwenye simu walikuwa wananiambia nisogeze ruta. Nilipowapelekea yale maandishi, akatumwa fundi mwenye kipimo cha mwanga. Kikasoma -29 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga, ikikaribia sifuri una nguvu zaidi), na vifaa vingi vya nyumbani vinaanza kushindwa ukivuka -27. Boksi la kwenye nguzo lilikuwa limeingia maji, kiungio kimeharibika. Akaunganisha upya, ikasoma -21. Kwa hiyo kipimo kile kinakutetea na wewe mteja. Msikubali kuzungushwa kama mna ushahidi mkononi. Halafu msikunje ule waya mwembamba wa faiba nyuma ya sofa. Mwanga haupiti kwenye kona kali.

Wa Kongwa: Wakuu, mimi sina kompyuta, nina simu tu. Napimaje?

Mleta mada: Ndugu, inawezekana. Zima data ya simu, baki na waifai tu. Simama mita moja kutoka kwenye ruta, andika anwani yake kwenye kivinjari, kisha rudia ukiwa chumbani unakopata shida. Ukurasa wa ruta ukifunguka haraka huku tovuti nyingine zimegoma, shida iko nje. Ukurasa wa ruta wenyewe ukikwama, shida iko ndani.

Wa Kongwa: Nimejaribu sasa hivi. Sebuleni umefunguka mara moja, chumbani umezunguka mpaka ukagoma. Ruta iko juu ya friji, nyuma yake kuna ukuta wa jiko. Kesho asubuhi naihamishia koridoni, jioni nitawaletea majibu.