Naomba ushauri: mama anataka kukandwa mgongo na anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda

Habarini wapendwa. Mama yangu ni fundi wa kushona nguo pale soko la Gikomba, Nairobi, anainamia cherehani tangu asubuhi. Shingo imekaza, na kiuno kinamuuma hata akilala. Alipigwa picha, daktari akasema mifupa iko sawa, ni misuli tu, akamwambia afanye mazoezi. Hayo hafanyi, mnawajua wazee wetu.

Sasa jirani amemshawishi aende masaji. Mimi sipingi, maana najua hulegeza misuli na kupunguza maumivu ya mgongo, ingawa kwa muda. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba mwaka jana damu iliganda mguuni mwake, na bado anameza dawa ya kuzuia isigande tena. Mguu wenye donge la damu haukandwi, kwani donge laweza kung'oka likaenda mapafuni. Na kwa hizo dawa, akikandwa kwa nguvu huenda akatoka na michubuko mwili mzima.

Halafu hapa mjini kila ghorofa ina bango la masaji, na mengine sivyo unavyodhani. Siwezi kumpandisha mama ngazi kumbe ni mambo mengine!

Kuna aliyempeleka mzazi kwa mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo na misuli) aliyesajiliwa, hasa upande wa Eastlands? Kikao ni pesa ngapi, na SHA, ile bima ya afya ya serikali, inalipia chochote? Je, nianze kwa daktari wake wa damu, ama huyo mtaalamu atampima mwenyewe kabla ya kumgusa?