Pete yenye muhuri wa 750: njia ya Archimedes inafanya kazi nyumbani?

MamaTevo, Umoja
Wadau, hamjambo? Pete ya dhahabu ina gramu 5.20, muhuri 750 (yaani dhahabu asilimia 75). Nimejaza glasi pomoni nikaitumbukiza, hakuna hata tone lililomwagika. Si Archimedes, yule mtaalamu Mgiriki wa kale, alinasa taji la dhahabu bandia hivyo?

Mwalimu_Buruburu
Mama Tevo, pete hiyo ikiwa halisi ujazo wake ni kama sm³ 0.33, matone sita au saba tu. Maji huinuka kidogo juu ya ukingo bila kumwagika, kwa hiyo huoni kitu.

Hata kwa taji ni shida. Kilo 1 ya dhahabu tupu huchukua sm³ 52. Kilo hiyo hiyo ikiwa na fedha asilimia 30 ndani yake, sm³ 65. Kwenye beseni la upana wa sm 20, tofauti ya kina haifiki nusu milimita! Kisa hicho tunacho kutoka kwa Vitruvius, Mroma aliyeandika karibu miaka 200 baada ya Archimedes kuuawa Syracuse. Kanuni yenyewe ndiyo ya Archimedes: kitu kilichozama husukumwa juu kwa nguvu sawa na uzito wa maji kiliyoyahamisha. Pima nguvu hiyo, achana na kumwagika.

Fundi_Ngara
Na ni rahisi. Tafuta mizani inayosoma hadi gramu 0.01, ya kupimia unga haitakufaa. Weka glasi ya maji juu yake, bonyeza irudi sufuri. Ning'iniza pete kwa uzi mwembamba wa nailoni, izame yote bila kugusa chini wala kando. Gramu zinazosomeka ndizo sm³ za pete. Gawanya 5.20 kwa namba hiyo upate msongamano, yaani gramu kwa kila sm³. Dhahabu ya manjano ya 750 hutoa kati ya 15 na 16.

Tone la sabuni ya maji huondoa viputo. Pete yenye kito au iliyo na uwazi ndani, usijisumbue.

MamaTevo, Umoja
Imesoma 0.61.

Fundi_Ngara
Hiyo ni 8.5, shaba ya manjano iliyopakwa dhahabu. Lakini rudia kwanza mama. Pete ikigusa chini, au viputo vikiishika, namba hupanda na dhahabu halali huonekana feki.

Mwalimu_Buruburu
Kinyume chake, feki kuonekana halali, ni nadra, ila kwa tungsteni, metali nzito. Ina 19.3 kama dhahabu tupu, na maji hayawezi kuitofautisha na dhahabu tupu.